Mnawafukuza vijana nyumbani, halafu kodi ya miezi sita mnadai nyinyi wenyewe

Wakuu, leo nina povu, mnivumilie.

Haipiti wiki bila mtu kuuliza humu kijana atoke kwao akiwa na miaka mingapi, na majibu ni yale yale: 18, 22, "sisi enzi zetu". Mnataja umri kana kwamba mwenye nyumba anakagua cheti cha kuzaliwa. Anachokagua ni kama una kodi ya miezi 6 mkononi. Na kinachochefua zaidi, wengi wanaopiga kelele "dume zima bado linakula kwa mama" ndio hao hao wenye vyumba vya uani Tabata, Kimara na Mbagala, ambao ukiwapelekea kodi ya mwezi mmoja wanakuona tapeli.

Haya, tupige hesabu. Kijana amepata ajira ya kwanza hapa Dar, mshahara 500,000. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inachukua 10%, yaani 50,000. Kwenye 450,000 iliyobaki, PAYE, kodi ya mshahara, haigusi 270,000 za mwanzo, zinazozidi zinakatwa 8%: 14,400. Kama alisoma kwa mkopo, bodi ya mikopo inakata 15% ya mshahara wa msingi, 75,000. Anachopokea ni 360,600. Hiyo ndiyo tuizungumzie, laki tano tuiache kwenye barua ya ajira.

Daladala mbili kwenda na mbili kurudi, 600 kila moja, siku 26: 62,400. Mchana kwa mama ntilie, sahani ya 2,500: 65,000. Chai na chakula cha jioni, akipika mwenyewe na nyama akiionea kwa jirani, 4,000 kwa siku: 120,000. Bando 15,000. Imebaki 98,200. Sasa toa chumba cha 80,000. Kabakiwa na 18,200, na hapo hajanunua umeme, maji, gesi, sabuni wala panadol, hajachangia harusi hata moja, na mama yake bado anasubiri chochote kutoka kwa mwanawe aliyeajiriwa.

Huyo mnayemwita mvivu yupo kwao kwa sababu anajua kujumlisha na kutoa.

Na hapo sijagusa mlango wa kuingilia. Chumba hicho hicho cha 80,000: miezi 6 ni 480,000. Dalali anachukua kodi ya mwezi mzima, 80,000. Kuna na hela ya kuonyeshwa, tuseme 10,000 kila chumba, uone vyumba vitano, 50,000 imekwenda na vitatu kati ya hivyo bado vina watu ndani. Jumla 610,000 kabla hujanunua ufagio. Godoro la futi 4 kwa 6, mtungi wa gesi wa kilo 6 na jiko lake, ndoo mbili za lita 20, beseni, neti, feni, sufuria, pazia, kitasa kipya (kitasa badilisha siku hiyo hiyo, aliyetoka anaweza kuwa na funguo ya ziada), usiweke chini ya 300,000. Tumefika 910,000. Akiwa bado kwao, chai na chakula cha jioni anakula nyumbani, akitoa 50,000 ya nyumbani kila mwezi, anaweza kuweka 168,200. Kufikisha hiyo 910,000 ni miezi 6 bila kuumwa na bila kununua shati.

Halafu, ametulia geto lake, miezi 6 inaisha, mwenye nyumba huyo mlangoni: 480,000 nyingine, au imepanda. Wengi wanaorudi kwao hawakuanguka siku ya kuhama, waliangukia mwezi wa saba tangu wahame. Nairobi mtu analipa mwezi mmoja na amana ya mwezi mmoja, anaingia. Kwa chumba hiki hiki ingekuwa 160,000. Sisi tunamdai mtoto wa juzi mtaji wa kufungulia genge, kisha tunamshangaa.

Msiniambie habari ya sheria. Ile ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa 2005. Unachokitegemea zaidi sasa ni mkataba wako, na mkataba wenyewe mara nyingi ni karatasi ya daftari.

Jibu #3
Umesahau LUKU mkuu, umeme wa kulipia kabla, na hapo ndipo mgeni wa kupanga anapoliwa bila kujua. Mita yenye matumizi madogo, yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, inalipia 100 kwa uniti kabla ya VAT na tozo. Wapangaji sita wakichangia mita moja, 75 zinaisha mapema mno, mita inahamia kundi la juu, 292 kwa uniti, ukiweka VAT 18% na tozo za REA (umeme vijijini) na EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) inakaribia 356. Wewe una taa moja na chaji ya simu, jirani ana friji na pasi, mnachanga sawa. Bora chumba cha 90,000 chenye mita yake kuliko cha 80,000 cha kuchangia.
Halafu kuna kodi ya jengo, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Ni deni la mwenye nyumba, lakini inakatwa pale unaponunua umeme. Kabla ya kusaini muulize ataifidia vipi, na aiandike.

Jibu #5
Kwa anayekwenda kuangalia chumba: nenda jioni ya siku ya kazi, si Jumapili mchana. Jioni utajua choo kina foleni ya watu wangapi na maji yanatoka saa ngapi. Angalia ukuta kwa chini. Ukiona rangi mpya imepigwa kuanzia sakafuni mpaka magotini na huko juu ni ya zamani, huenda maji ya mvua yalifika hapo. Pitisha mkono, ukitoka na unga mweupe huenda ni chumvi inayoletwa na unyevu, usipoteze muda. Pesa usimpe dalali. Nenda ofisi ya serikali ya mtaa, hakikisha anayejiita mwenye nyumba ndiye mwenyewe, saini mbele ya mwenyekiti, chukua risiti. Chumba kimoja kinapangishwa kwa watu watatu kwa sababu wote watatu walilipia barazani.

Jibu #8
Dalali naye anakula wapi? Viatu vinaisha kuzungusha watu.

Mleta uzi
Ale, nani kamkataza. Ale kwenye chumba kilicho wazi, mara moja.

Kwa kijana anayesoma: kwa mshahara huo, chumba kisizidi 50,000, au mgawane cha 80,000 wawili mnaojuana kazi na tabia, na majina yote mawili yakae kwenye mkataba, mmoja akiondoka usibebe mzigo peke yako. Usihame na miezi 6 tu mkononi. Hama ukiwa na miezi 6 na nyingine mbili pembeni. Mkicheza mchezo wa kuchangiana pesa wa watu 6, omba namba ya mwisho, iangukie siku ya kulipa tena. Ukipokea mwanzo umekopa, utalipa huku mwenye nyumba anagonga.

Mabinti nao msiwasahau. Kwao wanaambiwa watatoka siku ya mahari, wakienda kupanga wanaambiwa "hatupangishi wasichana, mnaleta wageni". Sasa watoke wakakae juu ya mti?

Na wewe mzee mwenye vyumba vinne vya uani na kijana wa miaka 26 sebuleni: kesho anza kupokea kodi ya mwezi mmoja mmoja kwa hao wapangaji wako, ndiyo urudi utuulize wako anahama lini.