Nimejibu maswali yote 14, nimepata 40. Naombeni ushauri kabla ya mtihani wa mwisho

Nusu_Kipenyo (mwanzisha uzi)
Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Nipo mwaka wa mwisho sekondari, mtihani wa mwisho umebaki wiki tano. Juzi tumerudishiwa karatasi za majaribio za hisabati. Maswali yalikuwa 14: kumi ya sehemu A, kila moja alama 6, na manne ya sehemu B, kila moja alama 10. Nimejibu yote, nimekosa manne tu. Nimepata 40.

Naomba mnitajie makosa ambayo watu huyafanya sana kwenye mtihani wa hisabati ili niyaepuke. Tafadhali msiniambie nisome kwa bidii, nasoma. Usingizi wenyewe siupati, nikifumba macho naiona ile 40 ya wino mwekundu.

Mama_Kompasi
Marahaba mwanangu. Kwanza lala. Kichwa kisicholala hakijumlishi.

Kosa langu mimi lilikuwa kutosoma swali hadi mwisho. Tulipewa pipa la mviringo, kipenyo 7, kimo 10, tutafute ujazo. Nikaibeba ile 7 nikaiweka penye nusu kipenyo, nikatoa 1540. Jibu lilikuwa 385. Langu lilizidi mara nne kamili, na nilitoka nje nikiwa na furaha zangu zote! Hadi leo nikiona neno kipenyo mkono unatafuta kalamu nilipigie mstari.

Kona_Tisini
Mkuu, kwa wengi ugonjwa ni alama ya kutoa iliyosimama mbele ya mabano. Angalia hili:

3(x − 4) − 2(x − 5) = 7

Mtu anaandika 3x − 12 − 2x − 10 = 7, anapata x = 29. Hapo −2 ilikuwa izidishe na −5 pia, itoke +10. Jibu ni 9. Hata ukikosea unaweza kujikamata: rudisha 29 kwenye swali, upande wa kushoto unatoka 27, si 7. Hiyo kazi haimalizi nusu dakika, lakini watu hawaifanyi.

Pai_Robo
Kosa kubwa kuliko yote ni kuingia chumba cha mtihani 😂😂 Natania mdogo wangu, usikasirike. Mimi nilikuwa naandika (x + 3)² ni x² + 9. Miaka yote minne. Ile 6x ya katikati sijui nilikuwa naipeleka wapi.

Dada_Desimali
Usisahau kikokotoo. Ukikaa tu, kabla hujafungua karatasi, bonyeza sin 30. Ikitoka 0.5 uko kwenye nyuzi, endelea. Ikitoka −0.988 kiko kwenye radiani, na trigonometria yako yote itaharibika huku njia ikiwa sawa. Halafu usikadirie mapema. Theluthi mbili ya 600 ni 400, lakini ukishaifanya 0.67 inakuwa 402. Beba sehemu hadi mwisho, kadiria kwenye jibu.

Nusu_Kipenyo
Asanteni sana, Mungu awabariki. Ila haya mengi nayajua. Mabano sikosei, kikokotoo changu kiko kwenye nyuzi. Nataka yale makosa mengine, yale ambayo mtu hayaoni.

Wino_Mwekundu
Mdogo wangu, nimesahihisha mitihani miaka 11. Usitafute orodha ya makosa ya watu. Karatasi yako unayo. Yale kumi uliyopata, pembeni yake pameandikwa ngapi?

Nusu_Kipenyo
Sikumbuki vizuri. Zinatofautiana.

Wino_Mwekundu
Hukumbuki, au hutaki kusema? Ichukue uisome. Na utuambie njia uliifanyia wapi.

Nusu_Kipenyo
Sawa. Swali la 1 hadi la 5 niliandika njia. Kuanzia la 6 niliona muda unakimbia, nikawa nafanyia kwenye karatasi ya rafu, kwenye karatasi ya majibu naandika jibu tu. Ile ya rafu sikuikusanya, niliikunja nikaiweka mfukoni.

Lakini nina sababu. Kuna mwalimu aliwahi kuinyanyua kazi yangu mbele ya darasa akasema kuku amechakura humu. Watu walicheka hadi kengele. Tangu siku hiyo sipendi mtu aone hesabu yangu kabla haijakaa sawa. Na rafu inaniokolea muda.

Nimeshaamua pia kwamba mtihani wa mwisho sehemu B naiacha. Nitafanya A tu, majibu haraka haraka, halafu muda unaobaki nihakiki. Mama nimeshamweleza, amekubali.

Pai_Robo
Mimi naunga mkono. Heri kumi za uhakika kuliko kumi na nne za mashaka.

Mama_Kompasi
Huyo mwalimu hakufanya vizuri. Mtoto hachekwi mwandiko. Wa kwangu alikuwa na mwandiko kama nyuzi zilizosokotana, nikamnunulia daftari la mistari mipana, tukakaa kila jioni mwezi mzima. Leo ndiye anayeandika kadi za harusi za ukoo mzima.

Jicho_Kali
Nimesoma bandiko la kwanza tu, samahanini, lakini hii habari imetungwa. Pigeni hesabu. Maswali 14, amekosa manne. Tuseme yote manne ni ya sehemu B, yenye alama nyingi. 4 mara 10 ni 40. 100 kutoa 40 ni 60. Hawezi kushuka chini ya 60 hata iweje, na yeye anasema 40. Anatuchezea akili, halafu nyie mnamhurumia mtu asiyejua kutoa.

Kona_Tisini
Duh. Kweli, haijumliki. Mwanzisha uzi, toa maelezo.

Dada_Desimali
Jicho, rudi juu usome. Ameshasema kuanzia la 6 aliandika majibu matupu.

Jicho_Kali
Hata kama. Jibu sahihi ni sahihi. Msahihishaji gani atamnyima mtu alama kwa jibu sahihi?

Pai_Robo
Hapo na mimi nipo na Jicho. 9 ni 9, iwe imetoka kwenye karatasi au imetoka kichwani.

Wino_Mwekundu
Inategemea mwongozo wa usahihishaji. Ipo mitihani ambayo jibu sahihi linabeba alama zote. Ipo mingine ambayo swali la alama 6 limegawanywa: nne za njia, mbili za jibu. Karatasi ikiandika juu kabisa "onyesha kazi yako yote", jueni mko kwenye huo wa pili. Na msahihishaji hana uhuru wa kugawa anavyojisikia. Mbele yake kuna mistari miwili ya njia inayotakiwa, asipoiona hana pa kuweka alama. Hajui kama umefikiri au umechungulia kwa jirani.

Nusu_Kipenyo, weka namba zako hapa, swali kwa swali. Usiogope.

Nusu_Kipenyo
Kuitwa mwongo kumeniuma, ila naweka. La 1 hadi la 5: sita, sita, sita, sita, sita. La 6 hadi la 10: mbili, mbili, mbili, mbili, mbili. Sehemu B yote sifuri, majibu yalikuwa si sahihi.

Jicho_Kali
30 na 10. Ni 40 kweli. Nimekukosea mdogo wangu, niwie radhi.

Dada_Desimali
Kwa hiyo alama 20 zimeondoka kwenye maswali aliyoyapata! Hapo hakuna kosa la hisabati hata moja.

Wino_Mwekundu
Na bado hamjaigusa sehemu B. Ile ya rafu bado unayo?

Nusu_Kipenyo
Ninayo. Ila B nimeshasema naiacha, naombeni mniache na hilo. Siwezi kuipata.

Wino_Mwekundu
Sitakulazimisha. Nipe dakika kumi tu. Swali la alama 10: urefu wa mstatili unazidi upana kwa 3, eneo ni 40. Tafuta upana. Liandike hapa mstari kwa mstari, kama mwandiko wako ulivyo. Ukikosea usifute.

Nusu_Kipenyo
Sawa.

Upana = x
Urefu = x + 3
x(x + 3) = 40
x² + 3x − 40 = 0
(x − 8)(x + 5) = 0
x = 8 au x = −5
Upana hauwezi kuwa hasi, kwa hiyo upana = 8

Wino_Mwekundu
Jibu si sahihi. Nimekupa 6.

Nusu_Kipenyo
Sita? Kwa jibu lisilo sahihi?

Wino_Mwekundu
Umesema x ni nini, 1. Umeandika urefu, 1. Umeunda mlinganyo, 2. Umeupanga vizuri, 2. Umeteleza kwenye mabano, na nimeona ulipoteleza kwa sababu umeandika. Swali hilihili ungeniletea "upana = 8" peke yake ningekuwekea sifuri, kama walivyokuwekea mara nne. Maswali manne kwa 6 ni alama ngapi?

Pai_Robo
24. Kauli yangu ya heri kumi za uhakika naiondoa.

Mama_Kompasi
Na mwandiko umesomeka vizuri tu, mwanangu.

Wino_Mwekundu
Sasa chukua upana wako 8 uurudishe kwenye swali. Urefu utakuwa 11. Zidisha.

Nusu_Kipenyo
88. Ilitakiwa 40. Ngojeni.

Nusu_Kipenyo
Nimeliona, mstari wa tano. Nilichotoa kinarudi kuwa x² − 3x − 40, alama zimegeuka. Ule wa zamani sijaufuta, nimeukata kwa mstari mmoja, chini yake nimeandika:

(x + 8)(x − 5) = 0
x = −8 au x = 5
Upana = 5, urefu = 8, eneo 5 × 8 = 40

Karatasi ya rafu nimeitoa mfukoni. Swali la 11 lina mistari sita, minne ya mwanzo naona iko sawa. Naiandika hapa kesho asubuhi, mwalimu, uniambie ingekuwa ngapi.