Facebook kuzima habari Kanada wakati moto unawaka: mnaowatetea hawa jamaa mnanikera

Wakuu, bado kuna watu wanashupaa kwamba Facebook kuzima habari Kanada kosa lote ni la serikali ya huko. Hoja hii imenichosha.

Juni 2023 Kanada ilipitisha sheria ya kuzitaka kampuni kubwa za mtandao zivilipe vyombo vya habari. Agosti mosi Meta, kampuni inayomiliki Facebook na Instagram, ikatoa jibu lake: ikaanza kuzima habari kwenye mitandao hiyo nchini humo. Gazeti la mji mdogo, redio, vyombo vya nje, vyote. Wiki mbili baadaye moto wa msituni ukausogelea mji wa Yellowknife, kaskazini mwa Kanada, watu karibu 20,000 wakaamriwa wahame. Njia ipi inapitika? Moto umefika wapi? Waandishi walikuwa kazini, habari wanaziandika, ila ukitaka kubandika linki Facebook inagoma. Watu wakabaki kutumiana skrinshoti za habari. Skrinshoti jamani! Haijisahihishi, na moto haumsubiri mtu. Waziri mkuu akalalamika hadharani, Meta haikutikisika.

Mzushi je? Yeye hana gazeti, kwa hiyo kizuizi hakimhusu. Anatunga, anaposti, inasambaa.

Halafu anatokea mtu: "Lakini Facebook inawapelekea magazeti wasomaji bure." Bure ipi? Matangazo yaliyokuwa yanamlipa mwandishi ashinde mahakamani kusikiliza kesi moja yamehamia kwao. Mwaka huohuo wa 2023 Meta iliingiza zaidi ya dola bilioni 130, karibu zote za matangazo. Na hao wasomaji wenyewe hawawapeleki tena kama zamani. Tangu Januari 2018 walitangaza kwamba posti za vyombo vya habari zitapungua machoni pa watu. Mimi nimelifuata gazeti kwa kidole changu mwenyewe, lakini ninaloletewa ni ugomvi wa watu nisiowajua. Nani kawaomba?

Na msiniambie haiwezekani kulipa. Google nayo ilitishia kuondoa habari hukohuko Kanada, mwisho ikakubali kutoa dola milioni 100 za Kanada kwa mwaka. Shingo upande, lakini imetoa.

Ila wenye magazeti nao siwaachi. Australia waliona Februari 2021, serikali yao ilipokuwa inaandaa sheria kama hiyo ya kulipa: Facebook ilizima habari, ikazoa hadi kurasa za idara ya hali ya hewa na za afya, tena kipindi cha Korona. Serikali ikalegeza sheria, vyombo vikasaini mikataba ya siri, wakubwa wakapata donge nono na wadogo wengi wakatoka mikono mitupu. Machi 2024 Meta ikasema haitaingia mikataba mipya. Sasa mhariri aliyepanga mishahara kwa pesa hiyo alitegemea nini?

Kwangu tundu la sheria hizi ni moja: malipo yamefungwa kwenye linki. Ukimdai mtu kwa sababu ya linki, anaiondoa linki, deni limekwisha. Tozeni kodi kwenye mapato ya matangazo yao, iingie kwenye mfuko wa uandishi ambao serikali haichagui nani apewe, iwe wamebeba habari au hawajabeba. Hapo wazime wanachotaka, watalipa tu.

Mwenye hoja kwamba hilo nalo litaua intaneti aje aiweke hapa. Matusi kaeni nayo.