Mimba imefika katikati na watoto wakubwa bado wanatuhitaji: tupeane uzoefu

Mama wenzangu, naomba tupeane uzoefu. Nimeingia wiki ya 20 ya mimba yangu ya tatu, mkubwa akiwa darasa la tatu na mdogo wake akiwa hajatimiza miaka mitatu. Kichefuchefu kimekwisha na hamu ya chakula imerudi, lakini kwa kuwa sasa ninaonekana mzima, kila aliyekuwa akinisaidia kuchota maji, kufua na kuwaogesha watoto ameona zamu yake imekwisha, ilhali mgongo umeanza kuuma na mdogo hakubali kwenda gengeni bila kubebwa. Ninaamini huu ndio wakati wa kupanga msaada, si wa kuuondoa. Wenzangu mlipitaje?

Mama wa wanne, Tanga:
Hongera, dada, na pole. Mimba yangu ya mwisho ilinikuta na mtoto wa umri huohuo. Niliacha kumwinua kutoka chini. Nilikuwa ninakaa kwenye kigoda, yeye anapanda mwenyewe mapajani, ninampakata mpaka atosheke, kisha tunashikana mikono tunakwenda. Mwanzoni alilia sana njiani, na majirani wakaniona nina roho ngumu, lakini alipozoea kwamba kupakatwa hakujaondolewa, kilio kilikwisha. Wakubwa niliwapa habari mwenyewe, kabla hawajazisikia kwa jirani. Mimba ya kwanza wengi huhisi mtoto akicheza kati ya wiki ya 18 na 20, ila zinazofuata huweza kuhisiwa hata wiki ya 16. Mateke yalipoanza kusikika kwa nje, niliwaita jioni baada ya chakula waweke viganja tumboni. Binti yangu alinyamaza kidogo, akauliza kama mtoto atalala kwenye kitanda chake. Nilielewa hapo wasiwasi wake ulipolalia, na usiku uleule tulikubaliana nani atalala wapi.

Muuguzi na mama wa watatu, Mwanza:
Ninaloliona kliniki ni kwamba mama mwenye watoto huchelewa kuliko mwenye mimba ya kwanza, kwa sababu hana wa kumwachia watoto na anajiona mzoefu. Tafadhali msifanye hivyo. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linapendekeza mahudhurio yasiyopungua manane, na kipimo cha utrasaundi kifanyike kabla ya wiki ya 24. Dawa ya SP ya kukinga malaria hutolewa kuanzia miezi mitatu ya kati, kila dozi ikipishana na nyingine kwa mwezi mmoja au zaidi. Vidonge vya kuongeza damu usivimeze na chai, kwani chai hupunguza madini ya chuma yanayoingia mwilini. Kifafa cha mimba hutanguliwa na shinikizo la damu, na hatari yake huanza baada ya wiki ya 20. Kichwa kikiuma sana, ukiona maluweluwe au uso ukivimba ghafla, usisubiri watoto warudi kutoka shuleni. Zungumza na jirani leo, ajue kwamba siku hiyo watoto watakwenda kwake.

Mama wa wawili, Morogoro:
Mimi nilishika mimba mdogo akiwa bado ananyonya, na ukweni ikasemwa nimembemenda. Kliniki walimpima uzito, wakanieleza kwamba maziwa hayageuki sumu, bali mimba ikifika katikati huweza kupungua na kubadilika ladha, hivyo mtoto aongezewe uji wenye lishe, mayai na dagaa. Wangu aliacha mwenyewe. Aliyewahi kupata uchungu kabla ya wakati aulize kwanza kliniki kabla ya kuendelea kunyonyesha.

Mwajiriwa, Arusha:
Nyongeza fupi kwa walioajiriwa hapa Tanzania: sheria inatoa likizo ya uzazi ya siku 84 zenye malipo, au 100 kwa pacha, na mwajiri apewe taarifa angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya matarajio. Kwa wiki ya 20, barua hiyo iko karibu sana.

Mwanzisha mada:
Nawashukuru kwa dhati. Jirani nitamwona kesho. Aliyejifungua mume akiwa kazini mbali atueleze, usiku ule wakubwa walibaki na nani, na aliwaandaaje?