Wakuu, mlango wa jirani umeandikwa matusi usiku, niripoti au nikaushe?

Mzee wa Shifti: Wakuu habari za majukumu. Niko Marekani mwaka wa tano sasa, kichwa kimejaa naombeni ushauri. Jirani yangu wa mlango wa mbele ni mama wa Kisomali, alikulia Kenya, Kiswahili anakijua ila Kiingereza kinampiga chenga, ana watoto watatu. Usiku wa kuamkia jana mlango wake umepulizwa rangi, "rudini kwenu" na tusi la dini yake ambalo siwezi kuliandika hapa, na gari yake imetobolewa tairi mbili. Sasa hii inahesabika uhalifu wa chuki au ni utoto tu wa watu? Na kuripoti ni kazi yangu au yake? Maana huku si wana uhuru wa kusema chochote.

Bibi Kiroboto: Mwaka wa tano Marekani na bado unatuuliza sisi tulio kwenye foleni ya maji 😂

Msomi wa Kona: Tenganisha mambo mawili mkuu. Mtu akikupita barabarani akakwambia rudi kwenu inauma, lakini maneno matupu polisi hawana la kumshtaki nalo, hilo ni tukio la ubaguzi, unalipeleka kwa menejimenti au shuleni au kazini liwe na kumbukumbu. Rangi mlangoni na kisu kwenye tairi ni uharibifu wa mali, kosa tayari hata bila chuki, na sababu ikiwa dini ya mtu au alikotoka majimbo mengi yanaongeza adhabu. Dalili za kuangalia: maneno yenyewe, kama hakuna kilichoibiwa, kama milango mingine haijaguswa. Tena kumtisha mtu ahame alipopanga kwa ajili ya dini yake ni kosa la serikali kuu toka 1968. 911 ni ya kinachoendelea, kilichoisha unapiga namba ya kawaida ya polisi, FBI nao wanapokea kwenye tips.fbi.gov. Hata shahidi anaripoti. Piga picha kabla hujagusa kitu.

Mama Pacha: Mimi nilikuwa nalea wazee, babu mmoja hataki mikono myeusi imguse, ananitemea kabisa, nikamwambia msimamizi akacheka eti ni uzee huo, nikaandika kila siku tarehe na saa kwenye daftari mpaka likajaa, mwisho nikaacha kazi daftari ninalo mpaka leo. Nilipo sasa pazuri na ovataimu ipo.

Mtumishi 7: Ugenini chunga mdomo. Wewe ulienda kutafuta maisha au kesi za watu?

Kitunguu Maji: Mleta uzi, picha unazo? Na wewe ni mtu wa shifti ya usiku, umejuaje ni usiku?

Mzee wa Shifti: Sina picha. Nilifuta kwa thina, sikutaka watoto waone wakienda shule.

Kitunguu Maji: Umetoka kazini alfajiri umechoka, thina ikawa iko tayari ndani. Haya.

Mzee wa Shifti: Sawa naomba niseme tu. Ni binamu yangu, tunakaa wote. Nilirudi nikamkuta na rangi kwenye vidole. Alikuwa amekunywa, siku hizi anashinda kwenye video za watu wa ajabu huko mtandaoni, na walishagombana na yule mama kuhusu parking. Ila sio mbaguzi, ni mweusi kama yeye, mweusi atambaguaje mweusi? Makaratasi yake yako njiani, kesi ikiingia kwisha habari yake. Hela ya tairi nimeshaweka kwenye bahasha, naipitisha chini ya mlango yaishe.

Msomi wa Kona: Sheria haiangalii rangi ya aliyefanya, inaangalia kwa nini amemchagua huyo. Kesi ya Mahakama Kuu ya Marekani ya 1993, Wisconsin dhidi ya Mitchell, iliyokubali adhabu kuongezwa, mshtakiwa alikuwa mweusi na aliyepigwa ni kijana mzungu. Halafu kutoripoti na kufuta ushahidi ni vitu viwili tofauti, ulipoanza na swali lako ulikuwa umeshajiingiza. Wewe unahitaji wakili leo, sio bahasha.

Dogo Janja wa Mbali: CHAI. Huyu wiki mbili zilizopita alianzisha uzi anauliza bei ya boda mpya, leo yuko Marekani mwaka wa tano. Leteni vitafunwa.

Bibi Kiroboto: Nilijua! Vidole na rangi kama tamthilia 🤣

Mzee wa Shifti: Boda ni ya mdogo wangu nyumbani, namnunulia. Kwa nini nidanganye?

Mama Pacha: Chai au sio chai, mimi nimesoma mpaka mwisho. Huyo mama anajua?

Mzee wa Shifti: Amegonga sasa hivi. Kumbe alipiga picha alipoamka kuswali, kabla sijafuta. Ananishukuru kwa kumsafishia mlango. Polisi wanakuja kesho saa nne asubuhi, ameniomba nikae pale nimtafsirie.

Msomi wa Kona: Usithubutu. Aombe polisi wamletee mkalimani. Ukikaa pale utasema uongo kwa lugha mbili.

Mzee wa Shifti: Nimeshamwambia nitakuja.

Kitunguu Maji: Binamu yuko wapi saa hizi?

Mzee wa Shifti: Amelala.