Popa ya mbao ya kolekole inabiringika juu ya maji, nakosea wapi?

mvuvi_tanga

Wakuu habari za mchana. Niko Tanga, navua kwa rodi mwaka wa tatu sasa, na safari hii nimeamua nichonge popa zangu mwenyewe (vile vyambo bandia vya kuelea vinavyopiga kelele juu ya maji) za kuvulia kolekole wakubwa, maana hizi zinazotoka Japani moja inafika dola mia na kupita, akija mzia akakata lida, ule uzi mnene wa mbele, au samaki akaingia chini ya mwamba ndio umeagana nayo.

Ya kwanza nimechonga kwa mwembe, urefu sentimita 20, mdomoni upana 5 halafu inapungua kwenda mkiani, na mdomo nimeuchimba bakuli. Nimetoboa katikati kwa drili kuanzia mdomoni mpaka mkiani nikapitisha waya wa stenlesi milimita 1.6, kule mkiani nikapanua tundu nikatia risasi gramu 30 kuzunguka waya. Mizani inasoma gramu 190 bila ndoana. Nyumbani kwenye ndoo ilikaa safi sana, mkia chini mdomo juu, nikaona kazi imeisha.

Juzi alfajiri tumetoka na boti ya jamaa yangu, maleleji haya bahari imetulia kabisa, tukasimama nje ya mwamba maji yanaanza kujaa. Nikarusha. Mstuo wa kwanza ikatoa ule mlio mzito wa maji, moyo ukaruka. Wa pili ikalala ubavu, wa tatu ikabiringika mzima mzima mpaka lida ikajizungusha kwenye ndoana ya tumboni. Nimerusha kama mara thelathini ni yale yale. Na kilichoniuma, mara moja kolekole aliifuata, mgongo mweusi mpana umepasua maji nyuma yake, popa ikapinduka mbele ya macho yake akageuka akazama zake. Usiku ule usingizi haukuja.

Naombeni mnisaidie, nakosea wapi? Waya wa 1.6 unatosha? Na huu mwembe ndio mbao yenyewe au nitafute mti mwingine?

fundi_mkoani

Yakhe hongera kwanza, popa ya kwanza kutoa mlio hata mara moja si jambo dogo. Mie nachonga hizi huku Pemba na nilipita hapo hapo ulipokwama.

Tatizo ni farumi, yaani ule uzito wa kutuliza chombo. Jahazi farumi yake hupangwa chini kabisa, ukiipandisha ikakaa katikati ya kimo cha chombo basi wimbi la kwanza tu linakulaza. Wewe risasi umeizungushia waya, na waya upo katikati kabisa ya mbao, kwa hivo mkia unazama vizuri kwa kuwa uzito upo nyuma lakini hakuna kinachoiambia popa tumbo ni lipi na mgongo ni upi, kwake pande zote ni sawa. Ikitulia kwenye ndoo huwezi kuliona hilo, utaliona siku ya kuistua ambapo maji yanalipiga bakuli kwa nguvu, na bakuli likiwa limechimbwa upande mmoja zaidi hata kwa unyasi basi inaanza kuzunguka.

Usitoboe tena. Chukua msumeno uchane mfereji kutoka tumboni kwenda juu mpaka nusu ya kimo, mdomoni hadi mkiani. Waya uulaze mwisho wa mfereji, pale katikati, halafu risasi zikae chini ya waya karibu na ngozi ya tumbo, nyingi ziende kwenye theluthi ya mwisho. Ukishapima ndio unaziba mfereji kwa kipande cha mbao hiyo hiyo na epoksi. Na hiyo uliyonayo usiitupe: itoe risasi ya mkiani, toboa matundu mawili kutokea tumboni pale nyuma, yasifike kwenye waya, tia gramu 10 kila moja, jaribu.

La pili umepima bila ndoana! Ndoana mbili za kolekole na ringi zake ni gramu 40 na zaidi, hiyo ni popa nyengine kabisa. Ivishe kila kitu ndio uitie majini. Na ndoo uitie maji ya bahari, si ya bomba. Maji ya bahari ni mazito kwa kama asilimia mbili na nusu, na popa ya kimo chako ikiwa na ujazo wa sentimita 260 za ujazo hivi, ile nguvu ya kuibua inaongezeka gramu sita na nusu. Nnakwambia gramu sita mkiani zinabadilisha kikao chote. Unachotafuta ni popa iliyosimama mshazari, mkia umezama, ukingo wa juu wa bakuli umechungulia kidogo tu nje ya maji. Hapo ukiistua inameza hewa na maji pamoja na ule mlio unakuja. Ikilala sana kama mtumbwi itateleza juu juu tu, ikisimama wima kama boya itakuchosha mikono.

Mwembe unafaa, ngarawa zetu nyingi ni mwembe, ila ni mzito kidogo, ndio maana nakutoa kwenye gramu 30 za risasi. Tafuta uliokauka kweli, miezi, usiambiwe tu umekauka. Msasa mpaka laini, sandingi sila (ile dawa ya kuziba vitundu vya mbao) mara tatu nne, rangi, kisha epoksi mara tatu. Pale waya unapotokea mdomoni na mkiani ndipo maji yanapoingia, paangalie kama unavyoangalia kalafati, ile pamba ya kuzibia mianya ya chombo.

chumvi_mdomoni

Kwa nini mnahangaika na mbao jamani, kuna watu wanatumia bomba la plastiki wanaziba pande zote mbili, nyepesi haiozi haivimbi.

fundi_mkoani

Haiozi kweli, lakini ikigongwa na kolekole au ikibamizwa kwenye mwamba ikapata ufa inajaa maji hapo hapo. Mbao hata ikiliwa rangi yote bado inaelea na unaendelea kuvua.

shimoni254

Fundi amemaliza ya uzito mimi niongee ya chuma, sababu hapo ndio nimelia.

Ndugu wa Tanga 1.6 itashika samaki wa kawaida wa mwambani, kilo kumi kilo kumi na tano, lakini wewe umesema wakubwa. Weka milimita 2. Rekodi ya dunia ya kolekole ni kilo 72.8, alivuliwa Tokara kule Japani mwaka 2006, sisemi yule wako ni wa hivyo lakini ukishatupa popa ya sentimita 20 huchagui nani atapanda. Waya uwe mmoja kutoka mdomoni hadi mkiani, na pale tumboni suveli (kile kiungo cha chuma kinachozunguka) ining'inie kwenye huo waya wenyewe, yaani ule mbao ukipasuka vipande samaki bado ako kwenye chuma chako. Mimi niliwahi kununua popa nzuri ya kupendeza kwa macho, ndani kumbe ni skrubu zimepigwa kwenye mbao tu. Samaki akapanda, akakimbia mara moja, nikaletewa popa yangu na tundu tupu tumboni. Na yeye akaenda na ndoana mdomoni, hilo mpaka leo linanisumbua.

Rili yangu naifunga breki kilo 10 hadi 12 kwa sababu huku mwamba uko karibu, ukimwachia mita ishirini za kwanza ameshajificha. Bredi, ule uzi wa kusukwa, paundi 80 au 100, lida nailoni ya 170 na kwenda juu. Sasa kwa breki hiyo kitu chochote chembamba kinajitokeza, ringi inafunguka, ndoana inanyooka. Pima ringi kwa kuivuta na mizani kabla, usingoje samaki akupimie.

Ya ndoana, toa hizo za meno matatu uweke jino moja moja, na ule mshale wa ndani uufinye kwa plaizi. Sio kwa ajili ya samaki peke yake. Popa ya gramu 200 ikirushwa kwenye boti ndogo ni kama jiwe lenye kucha, na tulishawahi kumrudisha mwenzetu pwani kabla hata jua halijatoka, ndoana imeingia kiganjani mpaka ndani. Ilikuwa na mshale. Mtu anayerusha asimame peke yake upande wake, anayeendesha boti akae chini, na kila anayerusha aseme kwa sauti kabla ya kurusha.

Na tafadhali angalia ramani, huku kwetu Kisite ni paki ya baharini hakuna kuvua kabisa, na huko Tanzania pia ziko sehemu zilizofungwa.

mwana_maskati

Asalaam aleikum jamaa. Mimi niko Maskati, wazee wangu wa Unguja, kolekole tunawafuata kusini huku visiwa vya Hallaniyat baada ya harifu, yaani kusi ya huku, kwisha mwezi wa tisa, maana kabla ya hapo ile bahari haiendeki.

Nataka kuongeza kuhusu yule aliyekufuata akageuka. Popa iliyopinduka ilimshtua, sawa, lakini mara nyingi bahari ikiwa imetulia kama ulivyosema hata popa nzuri inampigia kelele nyingi mno. Huku siku kama hizo tunatoa popa tunatia stikibeti, ile isiyokuwa na bakuli, nyembamba pande zote, ukiivuta kwa mkono mrefu inazama kidogo na kutikisa mgongo kushoto kulia kisha inaibuka kama mkizi aliyechoka. Popa naiweka kwa siku ya upepo na maji ya povu, ambapo samaki anahitaji kusikia kabla ya kuona. Kuichonga stikibeti nitakwambia ukweli ni kazi zaidi kuliko popa, uzito ukikosea gramu tatu haichezi, lakini mabega yatakushukuru, kwa bakuli la sentimita 5 ukirusha asubuhi nzima mchana huinui hata kikombe.

Na akikufuata usisimamishe! Kila mtu anasimamisha kwa sababu anataka ampe nafasi. Samaki mdogo anayekimbizwa hasimami. Ongeza mwendo, mstuo mfupi mfupi. Huyu ni samaki ambaye kule atoli ya Farquhar, Shelisheli, amepigwa picha akiruka nje ya maji kudaka ndege wanaopita, kasi ya mkono wako si kitu kwake. Akipiga usinyanyue rodi kwa lile povu unaloliona, ngoja mpaka usikie uzito mkononi ndio uvute kwa kiuno.

Rangi usiipe muda sana. Yeye anaiangalia kutoka chini, anaona kivuli. Rangi ya mgongo tia ile utakayoiona wewe kwa mbali.

mvuvi_tanga

Wakuu nimerudi, wiki tatu zimepita. Nimefanya yote niliyoambiwa na nataka kutoa mrejesho kamili.

Ile ya zamani nilitoa risasi nikatoboa matundu mawili tumboni gramu 10 kila moja kama fundi alivyosema, nikabeba ndoo mpaka ufukweni nikachota maji ya bahari, nikaivisha ndoana za jino moja na ringi. Ikakaa imelala sana. Nikatoa gramu 4 tundu la mbele nikazihamishia la nyuma, ikasimama mshazari na ukingo unachungulia nje. Pale ufukweni nimekaa karibu saa nzima naisukuma na kidole inarudi yenyewe, tumbo chini, kila mara.

Bamvua la juzi tumetoka. Imestuliwa asubuhi nzima haijabiringika hata mara moja, na mlio ni ule ule kila mstuo. Saa moja na nusu hivi maji yanapwa kwenye mlango wa mwamba, kolekole wawili wakatoka pamoja. Wa kwanza akaikosa, nikakumbuka maneno ya ndugu wa Maskati, sikusimamisha, nikazidisha, wa pili akaifunika yote. Sikuvuta mpaka niliposikia uzito. Dakika kama kumi na mbili, breki kilo 10, magoti yanatetemeka. Sentimita 108 kutoka pua mpaka kwenye panda la mkia. Tumempima tumempiga picha moja tukamrudisha, ameshikiliwa mkia mpaka akajivuta mwenyewe mkononi mwangu akaenda.

Waya wa 1.6 umepinda pale mdomoni. Haujakatika lakini umepinda, shimoni254 asante sana, hii inastaafu nimeitundika ukutani. Ya pili naianza Jumamosi kwa mfereji na waya wa 2. Fundi nina swali moja: kile kipande cha kuzibia mfereji, nyuzi za mbao zielekee kule kule za mwili zinakoelekea au nizikatishe?

fundi_mkoani

Kule kule. Ukizikatisha, mbao inapopanuka na kunywea kwa jua na maji zitavutana, na epoksi itafunguka kwenye ungio. Kata kipande hicho kutoka ubao ule ule uliochongea mwili, tena weka alama ya penseli kabla hujapasua usije ukakigeuza. Na tuwekee picha ya hiyo iliyopinda, nataka kuona imepindia upande gani.