Ubaharia wa yoti ukianzia Tanga: STCW, kozi za RYA, au kwanza jahazi?

MwanaChumbageni
Wakuu, heshima kwenu. Kuna kijana wa hapa Tanga, miaka 21, kidato cha nne, anaogelea vizuri na amekulia kwenye mashua za Deep Sea. Anataka kazi ya sitaha kwenye yoti, na baadaye awe nahodha mwenye cheti. Fedha iliyopo inatosha kozi moja. Tunapima njia tatu: STCW ya msingi (mafunzo ya usalama ya kimataifa kwa mabaharia) pale DMI, chuo cha ubaharia cha Dar, kozi ya RYA (chama cha yoti cha Uingereza) ya siku tano nje ya nchi, au akae mwaka mzima kwenye jahazi. Ipi itangulie?

Rubani_Raskazone
STCW itangulie. Yoti inayobeba wageni wa kulipa haimwajiri mtu bila karatasi hiyo, hata awe fundi wa tanga namna gani. Mafungu ya msingi ni manne: kujiokoa majini, kuzima moto, huduma ya kwanza, na usalama kazini pamoja na wajibu wa baharia. Aongeze na fungu fupi la ulinzi wa chombo, maana huulizwa kila mahali. La kujiokoa na la moto hurudiwa kila baada ya miaka 5, kwa hiyo asisome halafu akae nyumbani miaka minne. Cheti kitakuwa kinaelekea kufa kabla hakijamfaa.

Lakini kabla hajalipa ada ya chuo chochote, apimwe macho, hasa rangi. Taa za vyombo usiku ni nyekundu, kijani na nyeupe, na asiyezitofautisha hapewi zamu ya kuangalia mbele peke yake usiku. Wapo wanaogundua tatizo hilo wakiwa wameshamaliza fedha. Boti nyingi za bendera ya Uingereza hutaka cheti cha afya kiitwacho ENG1, kinachotolewa na daktari aliyeidhinishwa tu na kudumu miaka 2 kwa mtu mzima. Aulize kwanza boti inapeperusha bendera gani, ndipo amtafute daktari.

BintiPangani
Mkuu Rubani, STCW sawa, siipingi. Ila inamfundisha mtu kutokufa. Haimfundishi kazi. Competent Crew ya RYA ni siku tano chomboni: kupandisha na kupunguza tanga, kushika usukani, kufunga kamba gatini, zamu ya usiku. Kama ni kozi ya pili, mimi ningemshauri hata kabla ya hiyo asome Powerboat Level 2, ya siku mbili. Kila yoti ina kiboti cha kushusha wageni, na anayekiendesha vizuri huajiriwa haraka. Kamba ya kuzima injini lazima iwe imefungwa mguuni au kiunoni muda wote injini inawaka. Dereva akianguka bila hiyo kamba, kiboti huzunguka na kumrudia kwa pangaboi.

Tangambili
Jahazi msilidharau. Anayelijua kusi na kaskazi, bamvua (maji yakijaa na kupwa sana) na maji mafu (yakijaa na kupwa kidogo), ana kitu ambacho siku tano hazimpi mtu. Ila kuna mazoea atakayopaswa kuyaacha.

La kwanza ni kugeuka. Jahazi kwa kawaida hugeuza kwa kupitisha tezi (nyuma ya chombo) kwenye upepo, na foromali (mti unaoshika juu ya tanga) ikahamishwa mbele ya mlingoti. Yoti hubisha kwa kupitisha omo (mbele ya chombo), na ule mti unaoshika chini ya tanga kuu hupita juu ya sitaha kwa ghafla. Kichwa kiinamishwe kabla amri haijaisha.

La pili ni winchi, yaani pipa la kukazia kamba. Jahazini nguvu ni watu na kapi. Kwenye yoti kamba huzungushwa kwenye winchi kufuata mwendo wa saa. Aanze na mizunguko miwili kamba ikiwa legevu, aongeze wa tatu mzigo unapopanda. Akianza na minne, au kamba ikiingia kutoka juu badala ya chini, mzunguko mmoja hulalia mwingine na kamba hukwama kabisa. Hapo asivute kwa hasira. Afunge kamba nyingine mbele ya winchi kwa kifundo kisichoteleza, aihamishie mzigo, ndipo afungue. Na vidole vikae mbali na pipa la winchi: kamba ilegezwe kwa kiganja kilichofunguka.

La tatu ni usafi, ambao vijana wengi wanauona kazi ya kupita. Ndiyo nusu ya ajira yenyewe. Sitaha ya msaji husuguliwa kukata nyuzi za mti, si kuzifuata, maana ukizifuata brashi huchimba sehemu laini na mbao hubaki na mifereji. Chuma cha pua huoshwa kwa maji yasiyo na chumvi na kukaushwa, kwani chumvi ikibaki huleta madoa ya kutu.

Rubani_Raskazone
Naongeza nanga, kwa sababu maji ya Tanga yanapanda sana. Hesabu hufanywa kwa kina cha maji yakijaa. Ukitia nanga penye mita 5 maji yamekupwa, na bamvua ikipandisha mita 3 na nusu, kina chako ni mita 8 na nusu. Mnyororo mara nne: mita 34. Aliyehesabu kwa zile mita 5 ametoa 20, na chombo kitaburura nanga usiku.

BintiPangani
Kuhusu unahodha: Yachtmaster Offshore, cheti cha RYA cha nahodha wa yoti, inataka siku 50 baharini, 5 kati ya hizo ukiwa nahodha, na maili 2,500. Ndani yake ziwe safari tano za zaidi ya maili 60, mbili ukiongoza wewe na mbili za kulala njiani. Nusu ya maili ziwe kwenye maji yanayojaa na kupwa. Hapo Tanga ina bahati: kwenda mji wa Unguja au Mombasa kunapita maili 60. Aanze daftari leo: tarehe, jina na urefu wa chombo, alikotoka na alikofika, maili, saa za usiku, cheo chake, sahihi ya nahodha. Maili za jahazi aziandike, ila asizitegemee kwa mtihani wa yoti. Atafute nafasi kwenye yoti zinazopita pale klabu ya Ras Kazone.

MwanaChumbageni
Nimewaelewa: macho, STCW, Powerboat, daftari tangu sasa. Swali moja: kuna wakala anaomba "ada ya nafasi" kabla ya mkataba.

Tangambili
Asilipe. Mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia, MLC wa 2006, unakataza baharia kutozwa ada ya kutafutiwa kazi. Gharama zake mwenyewe ni pasipoti, kitabu cha ubaharia na cheti cha afya cha nchi yake. Viza ni juu ya mwenye chombo.