Grupu la majirani wa Tandale: mtaro tunaanzia wapi

Jumapili jioni

Dada Mwanaidi (katibu): Assalam alaykum, Bwana asifiwe, habari za jioni wote. Naleta huku mambo ya kikao cha asubuhi kwa wale ambao hamkufika. Mwezi wa kwanza ndo huu unaisha na masika inaingia mwezi wa tatu, kwahiyo tuna wiki chache tu za ukavu. Tumekubaliana tujenge mtaro wa tofali na zege kwa michango yetu, sio tena kuchimba udongo kila mwaka halafu mvua mbili umejaa. Kutoka kona ya juu mpaka mtoni ni kama mita 140, hela tunayoweza kupata inatosha mita 60. Kilichotushinda kukubaliana ni hizo 60 zianzie wapi. Naomba tuchangie mawazo kwa adabu, kila mtu asikilizwe.

Baba Neema: Mimi nilishasema na nasema tena, tuanzie juu kwenye kona. Maji ndo yanapoingilia na sisi wa juu ndo tumekuwa wengi kwenye michango

Mama Junior: Kweli kabisa baba, mvua za vuli ile maji yaliingia ndani mpaka kwenye beseni la unga, nikakaa siku tatu sijapika chapati hata moja

Fundi Selemani: Shikamoo Baba Neema. Mzee wangu kwa heshima zote naomba niongee kama fundi. Mtaro hauanziwi juu. Ukianzia juu, siku umemaliza mita 20 mvua ikapiga, maji yote yanakimbilia pale ulipoishia, yanachimba yanatengeneza bwawa mlangoni kwa mtu. Alafu ukija kugundua mteremko wako haufiki chini huwezi tena kubomoa tofali za watu. Ukianzia chini kule yanakotokea unakijua kina cha mwisho, unapanda nacho taratibu, na mvua ikikukuta katikati ya kazi maji yana pa kwenda

Baba Neema: Marahaba. Sawa fundi lakini kule chini sio mtaa wetu. Tuchange sisi tujenge kwa watu wengine?

Mama Junior: 🤔

Hamisi Guta: Baba samahani, mimi napita na guta kule kila siku naona. Pale maji yanapoingia mtoni pameziba kabisa, makopo, magodoro, nguo, udongo. Yale maji yanayokaa huku kwetu siku mbili ni kwasababu kule hakuna mlango, yanarudi nyuma. Hata tukijenga huku juu mtaro wa dhahabu yatakaa tu

Kaka Deo: Hamisi kaongea. Mimi mwaka 2015 nilitembea na wale vijana wa Ramani Huria, ule mradi wa kuchora ramani za mitaa, walikuwa wanafunzi wa Chuo cha Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na sisi wakazi, tulizunguka na simu tukiandika kila mtaro, upana wake, kina, umeziba au haujaziba, maji yalifika wapi ukutani. Tandale yetu ilikuwa imeshaanza kuchorwa tangu 2011. Ile ramani iko wazi kwenye OpenStreetMap hata leo mtu yeyote anaifungua kwenye simu. Ukiiangalia unaona vichochoro vitatu vinakutana pale chini, sio cha kwetu peke yake. Nitaiprinti kubwa tuibandike kwa mjumbe watu waione kwa macho

Dada Mwanaidi (katibu): Asante kaka Deo. Mimi naomba nimuongeze humu Mama Rehema anayekaa kule chini kabisa karibu na Mto Ng'ombe, maana tunaongelea mlango wa nyumba yake na yeye hayupo

Mjumbe: Muongeze

(Dada Mwanaidi amemuongeza Mama Rehema)

Mama Rehema: Hamjambo majirani. Asanteni kwa kunikaribisha. Nimesoma huko juu mlivyoandika. Mimi naomba niseme ukweli wangu bila kumkwaza mtu. Miaka yote mnachimba huko juu mnafurahi maji yamepita, yanapita yanakuja kwangu. Nyumba yangu nimeinua kizingiti mara mbili, sasa hivi ili uingie sebuleni unapanda ukuta kama mwizi. Na yanayokuja sio maji ya mvua tu, jamani mnajua, kuna watu wanasubiri mvua inyeshe usiku ndo wanatapisha vyoo. Wajukuu zangu wanacheza hapo asubuhi. Mkijenga mtaro mzuri huko juu mkaishia njiani mtakuwa mmenielekezea bomba. Lakini mkianzia huku kwetu sisi tutatoka wote kuchimba, wanaume kwa wanawake, na mchango tutatoa

Nesi Anna: Pole sana mama 🙏 Hilo la kutapisha naomba liwe sharti la kwanza kabla hata ya tofali. Kipindupindu cha 2015 kilianzia hukuhuku Kinondoni, Agosti ile, wengine hapa tulikuwa zamu usiku na mchana tunakijua. Na mtaro uliotuama maji machafu unazalisha wale mbu wa usiku wanaoeneza matende na mabusha. Mtaro ukigeuka wa choo tumejijengea ugonjwa kwa hela zetu wenyewe

Mjumbe: Naunga mkono. Atakayekamatwa anatapisha apelekwe serikali ya mtaa, bila kujali ni nani. Na tushirikiane kuita gari la kunyonya, nyumba nne tano zikiita siku moja gharama inapungua

Mama Junior: Gari haliingii kichochoroni kwetu mjumbe

Hamisi Guta: Kuna vijana wana pampu ya mkono na mapipa, wanabeba kwa guta mpaka barabarani. Naweza kuwaleta waongee bei

Mama Junior: Hapo sawa

Jumatatu

Mjukuu wa Bi Chausiku: Shikamooni. Bibi kasikiliza meseji zote nimemsomea, anasema niandike haya. Anasema mwaka 1973 akiwa Kisarawe kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya, wanakijiji wanakaa wanasikiliza redio, kiongozi anasoma kitabu, wanajadili halafu wanaamua wenyewe wafanye nini, na kesho yake wanachimba vyoo, wanafyeka, wanafukia madimbwi. Anasema ilikuwa nchi nzima na hakuna aliyeuliza choo hiki kiko kwa nani, walianza kwa wasiojiweza. Anasema pia dada yake alikuwa anakaa Hanna Nassif hapo Kinondoni, miaka ya 90 wakazi walijenga mitaro na barabara zao kwa mikono, kamati yao ndo ilipewa mkataba wa kazi na walioshika chepe walilipwa, kina mama walikuwemo. Anasema Baba Neema mwanangu usiogope kuanzia kwa mwenzio

Baba Neema: Shikamoo bibi. Nimekusikia

Baba Neema: Lakini nina swali fundi. Tukianzia chini, mwaka huu huku juu sisi tunakaaje? Maana masika haitosubiri awamu ya pili

Fundi Selemani: Swali zuri mzee. Mita 60 za chini tunajenga kabisa. Hizi 80 za juu tunachimba udongo kwa mteremko uleule, kingo tunapanga viroba vya mchanga, kwahiyo maji yatashuka mwaka huuhuu kwasababu mlango wa chini uko wazi. Mwakani tunakuja kujenga juu ya njia ileile, kazi ya kuchimba itakuwa imeshaisha. Mteremko sentimita 1 kila mita unatosha, yaani mita 60 zishuke sentimita 60, tutapima na mpira wa maji sio macho

Kaka Deo: Fundi na mifuniko? Watoto

Fundi Selemani: Mifuniko kwenye milango na njia za kupita tu, ya kubebwa na watu wawili, yenye vishikio vya nondo. Sehemu nyingine tuache wazi. Mtaro uliofunikwa wote haufagiliki, na usipouona ndani utajua umeziba siku maji yamefika kitandani. Na nitaweka wavu wa nondo sehemu mbili, uchafu unasimama pale

Hamisi Guta: Wavu niachieni mimi na vijana wangu. Kila jioni tutasafisha, chupa za plastiki tunauza kwa kilo, kwahiyo hatudai hela ya mtu kwenye hilo. Tunachoomba ni nyumba ambazo hazilipi taka zilipe ile ya mwezi, maana mtu asiyelipa taka ndo huyo usiku anatupa mtaroni

Nesi Anna: 👏👏

Kaka Deo: Hamisi ungeandikisha kikundi. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 wanawake 4 vijana 2 watu wenye ulemavu. Haiwezi kujenga mtaro wetu lakini inaweza kukununulia guta la pili. Nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata na katiba ya kikundi

Hamisi Guta: Nitaenda kaka, nisaidie kuandika hiyo katiba

Kaka Deo: Njoo jioni

Dada Mwanaidi (katibu): Sasa hesabu. Fundi kapiga hivi. Tofali za inchi 6, 700 kwa 1,500 ni 1,050,000. Saruji mifuko 45 kwa 16,000 ni 720,000. Mchanga na kokoto 450,000. Nondo 180,000. Fundi na msaidizi 300,000 na hapo fundi amejikata mwenyewe jamani tumshukuru. Jumla 2,700,000. Nyumba zetu 46 kila moja 40,000 ni 1,840,000. Kikoba cha kina mama wametoa 400,000 kutoka mfuko wa jamii. Nyumba 9 za upande wa Mama Rehema 40,000 ni 360,000. Inapungua 100,000

Baba Neema: Hiyo laki nitaitoa kwa tofali, nilibakiza tofali za ukuta, ni nzima za inchi 6. Fundi aje azikague kwanza

Mama Rehema: Mungu akubariki baba

Mama Junior: Mimi nina neno na naomba wenye nyumba msinichukulie vibaya. Hiyo 40,000 ya nyumba, kwenye nyumba nyingi wapangaji ndo tutaitoa, na mimi nitatoa maana maji yakiingia kinachoharibika ni unga wangu na godoro langu, sio la mwenye nyumba. Lakini mtaro ukikamilika mtaa ukapendeza, kodi inapanda. Tunachimba, tunachanga, alafu Desemba tunaambiwa chumba kimekuwa cha watu wengine. Naomba lisemwe humuhumu wazi

Dada Mwanaidi (katibu): Hili ni zito na ni la haki. Wenye nyumba?

Mjumbe: Nyumba yangu ina vyumba vinne vya kupangisha. Sitapandisha kodi kwa sababu ya mtaro, mwaka huu wala mwakani

Baba Neema: Na mimi. Nitawaandikia wapangaji wangu kabisa. Na mchango wa nyumba yangu nusu ninatoa mimi nusu wagawane, sio sawa wabebe wote

Mama Junior: Asante sana baba, Mungu akuzidishie. Basi siku za kuchimba chai na maandazi juu yangu, mnileteeni sukari na ngano tu

Mwenye Duka la Kona: Sukari kilo 5 na ngano kilo 10 chukueni kwangu

Mama Rehema: Upande wa chini tutapika uji kwa wanaoanza alfajiri

Jumatano

Mjumbe: Nimetoka kwa mwenyekiti wa mtaa pamoja na mwenzake wa mtaa wa kina Mama Rehema. Wote wamekubali. Mtendaji anaandika barua kwenda TARURA, wale wakala wa barabara za vijijini na mijini, ili mhandisi aje aone pale tutakapounganisha na kingo za mto kabla hatujagusa, kwasababu pale hatuwezi kubomoa bila ruhusa. Kuchimba na kuzibua ruhusa tunayo kuanzia Jumamosi, zege pale kwenye maungio tunasubiri barua

Fundi Selemani: Sawa mjumbe. Na kuna bomba la maji linakatiza karibu na nyumba ya tatu, wachimbaji wakifika pale waache sururu watumie mikono na chepe

Kaka Deo: Ramani imeshabandikwa. Mistari ya bluu ndo mitaro ya zamani, nimeweka alama nyekundu pale tunapoanzia. Watu wamesimama pale toka asubuhi wanatafuta nyumba zao 😊

Dada Mwanaidi (katibu): Miamala iliyoingia mpaka sasa nyumba 17. Kila jioni nitaweka majina ya waliolipa na risiti ya kila kilichonunuliwa, picha wazi. Hela inashikwa na watu watatu, mimi, mama mweka hazina wa kikoba, na mtu mmoja wa upande wa chini atakayechaguliwa na Mama Rehema na wenzake. Hakuna ununuzi bila watatu kujua

Mama Rehema: Tumemchagua dada anayeuza mkaa, anajua hesabu kuliko sisi wote

Nesi Anna: Wanaozibua wavae mabuti na glavu jamani, mle ndani kuna vioo na sindano. Glavu pea 20 nitaleta. Mabuti mwenye nayo aje nayo, mtoto asiingie mtaroni kabisa

Hamisi Guta: Vijana 14 wameshajiandikisha kwangu, na guta ipo kubeba uchafu

Dada Mwanaidi (katibu): Jumamosi saa 12 na nusu asubuhi, tunakutana chini kwa Mama Rehema, SIO kwenye kona. Fundi unahitaji nini zaidi?

Fundi Selemani: Vigingi, kamba, na mpira wa maji ule wa kuonekana ndani, mita 20. Wa kwangu umepasuka. Nani anao?

Mama Rehema: Mpira ninao, wa marehemu mzee wangu, ni mzima. Ila njooni na machepe, huku kwetu yapo mawili tu

Baba Neema: Nakuja na manne